Sikio Zima Liko Chini

Nimefundisha watoto habari za malaika karibu maisha yangu yote, na hakuna aliyenisumbua kwa maswali kama mchimba makaburi. Watoto huogopa, na mtoto akiogopa haulizi. Jembe hakuwa na woga wala haya. Aliniuliza mambo ambayo sikuyasoma popote, tena huku anatafuna, halafu akanitazama kama fundi anayesubiri kupewa vipimo.

Jembe si jina alilopewa na wazazi, ni jina alilopewa na kazi. Mimi nami watu huniita Maalim, hata wale niliowafundisha wasiambulie kitu. Kazi yake ilikuwa kuchimba, yangu ilikuwa kubaki. Maiti akishazikwa na dua ikishaombwa, watu hugeuka wakaenda zao, na mimi hubaki nimechuchumaa upande wa kichwani nikimsomea marehemu talkini. Kwa asiyejua, talkini ni kumkumbusha maiti majibu. Imepokewa kwamba watu wakishampa kisogo, naye akiwa bado anasikia viatu vyao vinavyokwenda, humjia malaika wawili, Munkari na Nakiri, wakamkalisha kitako na kumuuliza: nani Mola wako, ipi dini yako, nani Mtume wako. Majibu yake huku juu kila mtu anayajua. Kule chini, wanasema, ulimi huwa mzito. Ndiyo maana hubaki mtu mmoja wa kumwambia: usibabaike, sema hivi na hivi.

Basi katika kila mazishi sisi wawili ndio tuliokuwa wa mwisho kuondoka. Nikimaliza kusoma, yeye huja kuuweka sawa udongo, kisha tunakaa kwenye benchi mbele ya kibanda chake cha zana, kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa makaburi, tukanywa chai ya chupa yake. Ilikuwa chai mbaya, sukari tupu. Nimeinywa miaka mingi na sikuacha kuisema hata siku moja.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Ujanani alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe, na siku moja baruti ililipuka kabla hajakimbia. Watu walimtania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Naye aliwajibu kwamba lake lilishakufa na matanga yakaisha, waje wazungumze na ndugu yake wa upande wa kulia, huyo anasikia mpaka siri za majirani. Hakuwa anajisifu bure. Makaburi yetu ni ya zamani, mengine hayana hata jiwe la alama, na mchimbaji asipoangalia atamwangukia mtu aliyelala zake tangu enzi za mababu. Wachimbaji wengine hubahatisha. Jembe alikuwa akiigonga ardhi kwa mpini, kisha anajilaza, anaweka sikio lake la kulia kwenye udongo na kufumba macho. "Hapa kuna mwenyewe," husema, akahamia pengine. Sikumbuki siku aliyokosea.

Kwa sikio hilohilo alinisikia nikija. Namkuta amelala chini, shavu lina vumbi, wala hafumbui macho.

"Nimekusikia tangu getini, Maalim. Unaburuta mguu wa kulia. Leo unauburuta zaidi. Umelala vibaya?"

Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua nimelalaje. Mke wangu alishatangulia, na watoto hatukujaaliwa. Nyumba yangu ni vyumba viwili na redio. Nikiswali peke yangu, mwishoni hugeuza uso kulia nikatoa salamu, nikageuza kushoto nikatoa salamu, nikiwakusudia malaika walio pande zangu, na kuna siku hizo ndizo salamu pekee zinazotolewa mle ndani. Sisemi ili nihurumiwe, sipendi kuhurumiwa. Nilikuwa mpweke, na lile benchi lilinisaidia.

Hapo kwenye benchi ndipo aliponikamata siku moja. "Hebu nipangie hao malaika. Nani yuko juu ya nani?"

Nikampangia. Mimi nikiulizwa jambo ninalolijua, huwa sijui kufupisha. Nikaanza na wale wanaoibeba Arshi. Kisha Jibrili aliyewashushia mitume wahyi, na Mikaili aliyekabidhiwa mvua na riziki, na Israfili mwenye baragumu la Kiyama, na Izraili mtoa roho. Nikaja kwa walinzi wa Pepo na wa Moto. Nikamweleza majeshi kwa majeshi yaliyoko mbinguni, wengine wameinama katika rukuu tangu walipoumbwa, wengine wamesujudu na hawatainua vichwa mpaka Siku ya Mwisho, kila mmoja na kituo chake asichokiacha. Halafu ndio nikashuka kwa hawa wanaotufikia sisi: wanaotulinda, waandishi wawili wa matendo yetu, na wawili wa kaburini.

"Kwa hiyo hawa wangu wako chini kabisa," Jembe akasema.

"Si wako. Na daraja mbele ya Mungu si ngazi ya kupakia rangi, kwamba utaona nani amesimama wapi."

"Maalim, wanaingia kwenye shimo nililochimba mimi. Ni wageni wangu."

Jambo hilo alilichukua kwa uzito. Alichimba kwenda chini kuliko mchimbaji yeyote niliyemwona, na upande wa kichwani aliongeza upana. Nilipomuuliza kwa nini anajichosha, akasema maiti atakalishwa, sasa akikalishwa si atagonga kichwa? Na wageni wenyewe ni wawili, wasije wakabanana. Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza watoto, kwamba malaika wameumbwa kwa nuru, hawali wala hawanywi, hawaoi, hawalali, hawachoki, na wala nafasi si kitu kwao.

Akafikiri. "Nuru nayo ikikuta tundu dogo inaingia kidogo," akasema.

Niliudhika siku nzima. Mtu wa namna hiyo hakuna kitabu kinachomjibu.

Siku nyingine akazuka na jipya. Tulikuwa tumemzika bibi mmoja aliyekuja na watu wachache, hata wa kulishika jeneza tulihesabu na sisi wenyewe. Tulipokaa kwenye benchi, Jembe alishika kikombe chake bila kunywa.

"Mbona wanatumwa wawili wawili?" akauliza. "Waandishi wawili. Wa kaburini wawili."

"Hekima ya Mungu."

"Na mtoa roho?"

"Huyo ni mmoja."

"Na mwenye baragumu?"

"Mmoja. Ameliweka mdomoni, anasubiri amri apulize."

"Tangu lini?"

"Tangu Mungu alipotaka."

Jembe akaweka kikombe chini. "Maskini. Pumzi imejaa kifuani, na hata wa kupiga naye soga hana."

"Malaika hawapatwi na upweke. Upweke ni wa kwetu sisi."

"Umewauliza?"

Nikamwambia aache kufuru. Akasema hajakufuru, ameuliza tu. Kisha akanimiminia chai nyingine bila kuniuliza kama naitaka, akasema, "Mimi nadhani hawa wa kaburini walifanywa wawili kwa sababu ya kazi yenyewe. Kila mtu wanayemkuta wanamkuta siku yake mbaya. Wakitoka pale lazima wapate wa kusema naye maneno mawili matatu. Kama sisi hapa."

Nilikunywa ile chai yake mpaka mwisho, na siku hiyo sikuisema.

Lile swali lenyewe, ambalo ndilo lililonifikisha nilikofika, lilikuja mwaka alioanza kukohoa. Alikuwa amesimama ndani ya shimo, kichwa tu ndicho kinaonekana juu.

"Maiti tunamlaza ubavu gani, Maalim?"

"Jembe, umewalaza watu mpaka mikono ikaota sugu, leo ndio unaniuliza? Ubavu wa kulia, uso uelekee kibla."

"Basi sikio langu zima litakuwa chini."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"La juu litakuwa hili bovu," akasema. "Watakuja wageni, watauliza, nami nitanyamaza kimya. Watasema huyu tumemuuliza kwa adabu na ametufanyia kiburi."

Nikampa jibu la kisomo. Kinachosikia kule si nyama ya sikio, nikasema, na aliyeumba sikio hashindwi kumsikilizisha mja wake. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, halafu akauliza, "Wakiuliza mara moja mtu asisikie, wanarudia?"

Nilikwenda nyumbani nikapekua vitabu vyangu vyote. Vimeeleza sura zao, sauti zao, ukali wa macho yao. Kama wanarudia swali kwa mtu mwenye sikio moja, sikukuta mahali. Nikarudi nikamwambia Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ambayo ndiyo njia yetu ya kusema hatujui bila kuvua kilemba.

"Kumbe hata wewe hujui," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. Hakuogopa kufa. Aliogopa kuonekana mjeuri mbele ya wageni aliowachimbia nafasi maisha yake yote, kwa kosa ambalo si lake, na pasiwe na mtu wa kumsemea.

Kikohozi kilimlaza. Alikuwa na chumba kimoja, kitanda kimekaa ukutani na nguo zake za kazi zimetundikwa msumarini, zimefuliwa. Nilimkuta analalia ubavu wa kushoto, lile sikio zima liko juu, ili amsikie anayeingia. Alikuwa ameshanisikia.

"Haiwezekani mnilaze hivi?" akauliza kabla sijakaa. "Kushoto?"

"Haiwezekani."

"Hata kwa udhuru?"

"Jembe."

"Haya. Basi wewe upaze sauti. Usinisomee kwa ile sauti yako ya puani, ile unayowasomea wenye vyeo. Nisomee kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Na usiondoke mpaka uhakikishe nimesikia."

"Nitahakikishaje?"

"Hilo lako. Wewe ndiye Maalim."

Nikamshika mkono nikamwahidi. Ulikuwa mkono mgumu, kucha zake zina udongo ambao nadhani maji yalishauzoea yakauacha. Sikusema neno jingine la kisomo. Nilimwambia nitabaki, na nitapaza sauti, na sitaondoka mpaka asikie. Akatikisa kichwa, akalala. Siku chache baadaye walikuja kuniita.

Mwana wa Jembe alifika asubuhi hiyo na gari lake. Alikuwa fundi umeme, kijana aliyekwishaanza kuota mvi. Alilelewa kwa mama yake, mji mwingine, na kwa baba alikuwa akija mara mojamoja. Mtu wa adabu. Alinivuta pembeni ya ua, macho mekundu.

"Maalim, nina ombi, na naomba lisikukwaze. Talkini tusisome. Kule nilikosomea mimi tumefundishwa kwamba haina msingi, maiti hafikiwi tena na maneno yetu. Tumwombee dua tu, inatosha."

Damu ilinichemka. Hoja nilikuwa nazo, na ningeweza kusimama naye pale mpaka alasiri nikimtolea moja baada ya nyingine, na yeye bila shaka alikuwa na zake. Lakini baba yake alikuwa chumba cha pili ameshavishwa sanda, na mwenye maiti ndiye mwenye neno. Nikamwambia, "Nimekusikia, mwanangu." Sikumwambia nimekubali.

Nikatangulia makaburini. Wachimbaji walikuwa wawili, wa kukodi, maana aliyekuwa akichimba ndiye anayechimbiwa. Nikachungulia shimo. Kaburi lenyewe lilikuwa limenyooka, na mwanandani, ule ubavu wa ndani anamolazwa maiti, ulikuwa umechongwa vizuri. Lakini kina kilikuwa haba na upande wa kichwani palikuwa pamebanana.

"Ongezeni," nikawaambia. "Chini, na hapa kichwani."

"Mzee, kina hiki ndicho kinachotakiwa."

"Kinachotakiwa na nani?"

Wakatazamana. Nikaenda kwenye kibanda, nikafungua kwa ufunguo alioniachia, nikatwaa jembe lake, nikaingia shimoni na mguu wangu huu. Niliangusha udongo mwingi miguuni mwangu kuliko nilioutoa. Mmoja wao alinivumilia kidogo, kisha akaninyooshea mkono, akanitoa, akaingia yeye. Alichimba huku amenuna, lakini alichimba mpaka nikamwambia basi.

Walipomteremsha niliinama kutazama. Wakamlaza ubavu wa kulia, wakamfungua kamba, wakalifunua shavu ili liguse udongo kama inavyotakiwa. Nilimwona Jembe amelala vilevile nilivyomwona siku zote akitafuta wenye makaburi, shavu chini, macho yamefumbwa, anasikiliza. Karibu niseme, hapo hapana mtu, ni pako wewe.

Kaburi likafukiwa. Mwanawe akaomba dua, dua nzuri ya kutoka moyoni, nikaitikia amina kwa sauti. Kisha watu wakaanza kuondoka. Kundi likiondoka makaburini lina kishindo chake. Wakiwa karibu wanakanyaga kwa heshima, wakifika katikati ya njia wanakuwa watu wa kawaida, na karibu na geti kuna ambaye ameshaanza kusimulia habari za mambo mengine.

"Twende, Maalim," mwanawe akasema. "Garini kuna nafasi."

"Tangulia. Nafunga kibanda cha mwenzangu."

Haukuwa uongo. Nilikwenda nikakifunga. Nilipogeuka, kishindo cha mwisho kilikuwa kimefika getini, na nikajua huu ndio wakati wenyewe, kama wanakuja basi wanakuja sasa. Nikarudi nusu nakimbia, nikachuchumaa upande wa kichwani, nikaanza kusoma. Nilisoma maneno mawili matatu nikajisikia mwenyewe. Ilikuwa ile sauti ya puani.

Nikapaza. Halafu nikaona upuuzi wa jambo ninalolifanya: sauti yangu yote inashukia lile sikio lililokufa. Lile zima liko chini yake, limeegemea ardhi. Nikazunguka, nikajilaza upande wa pili wa kaburi, na kanzu yangu nyeupe, nikaweka mdomo kwenye udongo, nikaita kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

Nimesoma talkini kwa watu nisioweza kuwahesabu, na sijapata kukosea herufi. Siku ile maneno yalinitoka kichwani yote. Sikupata hata moja. Nilichosema hakimo katika kitabu chochote, na mwanafunzi wangu angesema hivyo ningemrudisha mwanzo. Talkini huambiwa maiti. Mimi niliwaambia malaika.

"Enyi wawili," nikasema, "huyu si mjeuri. Mkimuuliza akanyamaza, hajasikia. Upande huo mnaosimama sikio lilikufa zamani, alilipoteza kazini. Inameni chini. Semeni kwenye udongo, hapa chini kwenye udongo, atawasikia vizuri kuliko mtu yeyote mliyemuuliza. Na hiyo nafasi mliyokalia, yeye ndiye aliyezoea kuwachimbia. Miaka yote aliwachimbia. Mimi nilimwambia hamuihitaji." Nikavuta pumzi, udongo ukaniingia mdomoni. "Jembe, ni mimi. Majibu unayajua. Nipo hapa."

Nikageuza kichwa, nikaweka sikio langu mahali ulipokuwa mdomo. Nilisikia moyo wangu tu. Nilimwahidi kuhakikisha, na sikuwa na njia ya kuhakikisha, na mtu pekee aliyeweza kusikiliza ardhi akajua kilichomo alikuwa ndiye yuko ndani yake. Nililia pale, shavu chini, mzee mzima. Sikuwahi kujiona nimebaki peke yangu kiasi kile, hata siku ya mke wangu, maana siku ile Jembe alikuwapo.

Jua lilipoanza kunichoma kisogo nikainuka, nikajipangusa. Nikapiga hatua moja kuelekea getini. Mguu wangu wa kulia ukaburuzika kwenye kokoto, na nikasimama palepale.

Maiti husikia viatu vya wanaomwacha. Na huyu, katika wafu wote, alikuwa amelazwa juu ya sikio lake zima. Ameshakisikia kishindo cha wote, mmoja mmoja, mpaka getini. Kilichobaki kukisikia ni mguu wangu huu anaoujua, ukienda.

Nikavua viatu. Nikavibeba mkononi, nikautoa ule mguu juu ya kokoto kwa hatua za kunyata kama mwizi, nikikanyaga kwa vidole, na miiba ya makaburini haina huruma na mtu wa umri wangu.

Mwanawe alikuwa bado getini. Watu wengine walishaondoka, yeye ameketi garini, mlango wazi. Ningewezaje kufikiri kwamba hakunisikia? Nilijiandaa kwa ugomvi. Akanitazama kanzu iliyojaa udongo, akatazama miguu.

"Viatu vimekatika, Maalim?"

"Vizima."

Akageukia upande wa makaburi. "Hilo sikio. Nilijua hasikii vizuri, sikujua ni moja. Lilikuwa lipi?"

"La kushoto ndilo lililokufa."

"Nikija kumwona nilikuwa nakaa mbele yake," akasema. "Kila nikianza kuzungumza ananigeuzia uso pembeni. Nilidhani hataki kunitazama."

"Alikuwa anakupa sikio, mwanangu."

Akaweka mikono kwenye usukani, akakaa hivyo. Nikaingia, nikafunga mlango taratibu. Barabara ya makaburini ina mteremko. Yeye, aliyeniambia kwamba maiti hafikiwi tena na ya kwetu, alilegeza breki ya mkono bila kuwasha injini, na gari likashuka lenyewe, kimya, mpaka chini kabisa kwenye njia kuu ndipo akageuza ufunguo. Jioni alirudi mjini kwake.

Sasa kibanda kina mtu mwingine, na benchi lipo. Chai najinunulia njiani, haina sukari ya kutosha. Nani atakayebaki kwangu mimi siku yangu, sijui, na sijaona wa kumuuliza. Lakini karibu kila siku nakwenda. Naingia getini na viatu, na mguu nauburuta makusudi, kwa nguvu, njia nzima mpaka kwake. Nakaa, namsimulia. Wakati wa kuondoka ukifika navua viatu, naondoka peku. Kwa hiyo kwa anavyosikia yeye kule chini, nimekuja mara nyingi sana, na sijaondoka hata mara moja.